Chungu cha Wenzetu

Mpishi wa kijiji chetu hakuonja chakula kwa mwiko hata siku moja. Alichota mchuzi kwa upawa, akadondosha tone kwenye kiganja cha kushoto, akalilamba hapo hapo, kisha akaenda kunawa mikono yote miwili mpaka viwikoni kama anayetia udhu. Ndipo akarudi jikoni. Kwenye shughuli kubwa alinawa hivyo hata mara thelathini, na ole wake aliyeacha ndoo bila maji. Nilikaa naye jirani miaka tisa, ua wake na wetu ukitenganishwa na makuti tu, na ole hiyo ilinipata zaidi ya mara moja.

Jina lake silitaji. Yeye mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina. Alisema jina ni la kumwitia mtu anayechelewa, na yeye hachelewi. Sote tulimwita Bi Mpishi, wakubwa kwa wadogo, hata mumewe.

Mimi niliolewa kutoka Kilangala, upande wa Lindi, nikiwa na miaka kumi na saba. Nilipelekwa vilimani nyuma ya Tingi wakati nguo zilikuwa za shida kwa sababu ya vita vya Wazungu, nikafika ukweni na kanga mbili, moja ikiwa imechanika. Kwetu Kilangala wenzetu walikuwapo, lakini walikuwa wachache na wenye haya, unaweza kumaliza mwaka hujamwona hata mmoja. Huku vilimani walikuwa majirani hasa. Walikaa kwenye mapango ya mawe meupe ng'ambo ya kijito, na walitoka mchana, jua likiwa utosini, saa ambazo binadamu mwenye akili amejilaza kivulini.

Ninaposema wenzetu, msomaji wa mjini atasema majini. Sisi hatukulitumia neno hilo mbele yao, kama usivyomwita jirani yako "wewe mtu" akiwa mlangoni kwako. Walikuwa na umbo letu na urefu wetu, na nguo zao zilikuwa za magome ya miti. Tofauti uliiona usoni. Mwenzetu aliweza kupanda kilima na mzinga wa asali begani saa saba ya mchana, akafika na paji la uso kavu kama sahani iliyofutwa. Hawakutoka jasho, wala hawakuwa na machozi. Chumvi haikuwamo kabisa katika miili yao, na hapo ndipo kazi ya Bi Mpishi ilipoanzia.

Mapatano kati yetu na wao yalikuwa ya zamani kuliko boma la Kivinje. Wao waliwafukuza nguruwe mwitu mashambani mwetu, wakatuletea asali na ming'oko, vile viazi vya porini. Sisi tuliacha ukanda usiolimwa kwenye ukingo wa kila shamba, hatukumwaga maji ya moto nje bila kusema "Pisheni," na kila penye shughuli tulipika chungu kimoja kisicho na chumvi, kikapakuliwa kabla ya vyungu vingine vyote. Iwe Idi, iwe Krismasi ya zile nyumba sita za Wakatoliki, chungu kilipikwa. Wenzetu hawakuuliza dini ya wali.

Na chumvi ikiwaingia? Mwenzetu aliyemeza chumvi hakufa wala hakuugua. Alipoteza njia. Alikwenda mpaka kwenye pango lake akaliona pango, mawe na popo, kama ninavyoliona mimi. Mlango wa kwao ulikuwa haumo tena machoni mwake.

Kwa hiyo jiko la Bi Mpishi lilikuwa na sheria nyingi kuliko mahakama ya liwali. Mafiga ya chungu cha wenzetu yalikaa upande wa upepo, peke yao. Kibuyu cha chumvi kilitundikwa kwenye mti mbali na moto, na aliyekishika hakusogea mpaka anawe. Aliyetoka jasho hakuinamia chungu kile. Bi Mpishi mwenyewe alijifunga kitambaa kwenye paji la uso, akakikamua kila baada ya muda, akajifunga kingine kikavu. "Kaa kando," alikuwa akituambia, "jasho lako si kitoweo."

Msibani ndiko kulikokuwa na kazi. Mwanamke mwenye machozi hapiki chungu cha wenzetu, na siku ya msiba utampata wapi mwanamke asiye na machozi? Alipikia misiba yote yeye. Alipofiwa na mama yake mzazi alipika pia, uso mkavu, akiwagombeza waliokuwa wanakuna nazi wakilia. Watu walimsema. Mama mkwe wangu alimsema zaidi ya wote, kwamba yule ana jiwe mahali pa moyo, na kwamba hata siku ya kiama atauliza kuni ziko wapi. Mimi pia nilicheka nao. Siku hizi naona haya.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: "Mkono usiotumwa huenda chumvini." Maana yake ni kwamba mtu akiacha mawazo yake yatembee, mkono unafanya ulichozoea. Mwingine aliwapa maharusi wote, hata wale ambao hawakumwomba: "Mume hashibi kwa chakula, hushibia kuitwa kula." Na alipoudhiwa hakutukana. Alisema tu, "Haya, pika wewe," akakaa chini, akakunja mikono. Kijiji kizima kiliyaogopa maneno hayo matatu.

Alikuwa mkarimu wa ajabu. Mpita njia hakuvuka ua wake na njaa. Lakini chumvi hakumwazima mtu hata chembe, ungepiga hodi mpaka uchoke. Alifunga Ramadhani yote na Sita za baada yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipomkanya kwamba kuwapikia wale viumbe ni shirki, alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mwalimu, mwaka jana nguruwe walikula mtama wako?" Mwalimu akasema hapana, alhamdulillahi. "Basi alhamdulillahi," akasema Bi Mpishi, akampakulia.

Shamba lake yeye ndilo lililoliwa. Hilo lilinishangaza mapema kabisa. Mashamba yetu yote nguruwe waliyapita, wakaingia kwenye muhogo wa Bi Mpishi kama walioalikwa. Kila mwaka alipanda, kila mwaka walifukua, naye hakulalamika hata mara moja. Asubuhi alitoka na jembe akasawazisha ardhi, na mumewe nyuma yake.

Mumewe tulimwita Mgeni. Alikuwa amekaa kijijini miaka ishirini na mitano nilipofika, na bado alikuwa Mgeni. Alikuwa mrefu, mpole, na mkono wake kwenye mizinga ya nyuki haukuwa na mfano. Alisema kidogo, tena taratibu, kama anayechagua mbegu. Walikuwa hawana mtoto. Jioni uliwakuta wamekaa mkeka mmoja, bibi akimsimulia nani kasema nini jikoni, bwana akitikisa kichwa. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu kwake: alipotoka jasho alilifuta kwa kidole, akakitazama kile kidole, kisha akaendelea na kazi.

Mwaka mmoja alikuja karani kutoka bomani kuandika watu. Alikuwa kijana wa pwani, kaptula yake imepigwa pasi, daftari kubwa kwapani. Akamuuliza Mgeni jina la baba yake. Mgeni akafikiri, akasema baba yake hakuitwa, alikuja tu. Karani akauliza amezaliwa wapi. Mgeni akanyoosha mkono kwenye vilima. Karani akauliza kabila gani. Hapo Bi Mpishi akaingilia kati, upawa mkononi.

"Bwana karani, umekula?"

"Bado, mama, lakini kazi..."

"Andika kutoka bara, njoo ule. Huyu ni mume wangu, na wali unapoa."

Karani akaandika kutoka bara. Nadhani mpaka leo imeandikwa hivyo mahali fulani.

Sasa kosa langu. Mwaka wa pili wa ndoa yangu, jumbe alikuwa na shughuli ya kuwatoa jandoni watoto wake wawili. Alimwalika Bwana Shauri wa Kivinje, yule Mzungu wa boma, naye akaja kweli, na kofia yake na kiti chake cha kukunja. Bi Mpishi aliniweka kwenye chungu cha wenzetu. Ilikuwa heshima kubwa kwa mtu mgeni kama mimi. Nilikuwa nimenawa, nimejifunga kitambaa, kila kitu sawa. Nikakamua tui, nikatia mchele, nikasikiliza ngoma inavyolia kwa watoto, nikawakumbuka wadogo zangu Kilangala. Mwanamke mwenzangu akapita na kibakuli cha chumvi akielekea kwenye pilau. Mkono wangu ukaenda, ukachota, ukatia. Wala sikujua. Nilijua nilipouona mkono wangu uko juu ya chungu na vidole viwili vimebaki vyeupe.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyeniona. Kule ng'ambo ya ua wenzetu walikuwa wamekwisha kaa chini kwenye majani, kama kumi na wawili hivi, watu wazima na watoto, wanangoja kimya. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike anachezea mkia wa jogoo wa jumbe. Nilimtazama yule mtoto, nikapiga kelele.

Bi Mpishi alifika kabla sijamaliza. Hakuniuliza kitu. Alishika chungu kwa mikono mitupu, kinachemka, akakibeba mpaka nyuma ya choo, akamwaga, akachimba, akafukia, akavunja chungu juu yake. Viganja vyake vilibabuka wiki mbili. Kisha akarudi, akawasha mafiga mapya, akaanza kukuna nazi ya kwanza.

Jumbe akaja mbio. "Bi Mpishi, Bwana Shauri anangoja!"

"Kuna waliotangulia kungoja."

"Mpe yeye pilau, hawa baadaye!"

"Haya," akasema Bi Mpishi, "pika wewe."

Bwana Shauri alingoja saa nzima na nusu kwenye kiti chake, anatazama saa ya mkononi, na jumbe anamwambia kuni zina maji. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala nalia. Bi Mpishi alinifuata huko akiwa amefunga viganja kwa majani ya mgomba. Nilidhani atanipiga.

"Unajua ungefanya nini?" akaniuliza. "Yule mtoto angesimama kwenda kwao, asipaone. Angemtazama mama yake akiingia ndani ya jiwe, yeye amebaki nje. Ungemlea wewe?"

"Nisamehe, Bi Mpishi."

"Umesema mwenyewe. Ningekugundua baadaye nisingekusamehe." Akakaza majani ya mgomba kwenye viganja. "Kuna mtu hakusema."

Sikuelewa. Usiku ule mume wangu naye hakutaka kunieleza, akasema ni mambo ya wanawake. Mama mkwe wangu ndiye aliyenieleza kesho yake tukipepeta mtama, na kwa furaha kubwa, maana alikuwa ameingoja siku ya kuisimulia habari hiyo kwa mtu asiyeijua.

Bi Mpishi hakuzaliwa mpishi. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na minane, Waingereza wakiwa hawajapasha viti vya Wajerumani moto, alikuwa anasaidia kupakua kwenye sherehe ya mavuno. Katika wenzetu kulikuwa na kijana mmoja mwenye kuleta asali, na msichana alikuwa amemwona mavuno mawili. Mavuno ya tatu, alipokuwa anampakulia, alitia chumvi kidogo kwenye bakuli lake yeye peke yake. Hakukosea. Alikusudia. Kijana akala mpaka akamaliza. Wenzake wakaondoka, naye akainuka kuwafuata, akafika kijitoni, akasimama. Ndugu zake wakasimama ng'ambo wakamtazama. Kisha wakaenda zao, naye akarudi akakaa kwenye ukumbi wa kwanza aliouona. Siku ya tatu wakampa jembe, akatoka jasho mara ya kwanza maishani mwake, akakimbia nyumbani akidhani anavuja.

"Na msichana?" niliuliza.

"Alikaa wiki nzima kabla hajasema," mama mkwe akasema. "Wazee wakahukumu kwa sheria ya huku: aliyevunja ndiye alinde. Wakamwambia amchukue yule kijana amtunze, awe mumewe, tena apike chungu cha wenzetu maisha yake yote. Na wenzetu nao wakatoa hukumu yao. Hakuna anayemfukuza nguruwe kwenye shamba lake."

Basi tangu siku ile nilimtazama kwa jicho jingine. Kunawa kule, vitambaa vile, kutolia kule. Watu walidhani ni ukali. Ilikuwa toba, inafanywa mbele yetu kila siku, nasi tunacheka. Nikaanza kumpenda, nasema wazi. Akanifundisha chungu mpaka nikakijua kuliko wasichana wote waliomsaidia jikoni.

Baadaye mume wangu alipata kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, tukahama. Tulikaa huko zaidi ya miaka minane, watoto wanne wakazaliwa, mmoja tukamzika. Tuliporudi vilimani, watu walikuwa wanazungumza habari za bendera mpya na mikutano, na mama mkwe wangu alikuwa amekwisha kufa. Nilimkuta Bi Mpishi amekaa mlangoni kwake, vidole vimepinda kama tangawizi, hawezi kushika upawa.

"Shikamoo, Bi Mpishi."

"Marahaba. Umechelewa," akasema. "Nawa mikono."

Nilinawa. Hata mtoto wangu wa mgongoni sikuwa nimemshusha. Akanionyesha mafiga, muhogo, kisamvu, nazi. "Mpikie Mgeni. Bila chumvi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akamtuma Mgeni kwenye mizinga, na alipokwenda akaniambia jambo ambalo, kwa kadiri nijuavyo, hakupata kumwambia binadamu mwingine.

Mpishi wa zamani aliyemfundisha kazi alimwachia siri moja. Mwenzetu aliyekula chumvi, akikaa mavuno mpaka mavuno bila kuionja, njia humfungukia tena. Bi Mpishi aliijua siri hiyo tangu mwaka wa pili wa ndoa yake. Akaendelea kutia chumvi.

"Ile ya kwanza nilikuwa mtoto," akasema. "Nilimwona, nikamtaka, nikatia. Mungu anajua ujana. Lakini hizi nyingine, mwanangu. Asubuhi chumvi, jioni chumvi. Kila siku nilikuwa naweza kumfungua, na kila siku nilimfunga. Nilisema, mwakani. Mwakani nilisema, mwakani." Alizungumza bila kutikisika, uso mkavu. "Sasa mimi ninakwenda. Nikifa atabaki na nani? Hana mtoto, hana ndugu wa kuvuka kijito. Tangu mavuno yaliyopita nampikia bila chumvi, na mimi nakula hivyo hivyo ili asishuku. Zimebaki wiki sita, na vidole vimenikataa. Wasichana siwaamini, mkono unazoea. Wewe umewahi kumwagiwa chungu. Hutasahau."

"Ataondoka, Bi Mpishi," nikasema. "Utabaki peke yako."

"Nilikuwa peke yangu kabla sijamwona. Ninaijua njia."

Nikapika. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni kazi kumpikia mtu mzima chakula kisicho na ladha, kisha kumtazama anakula na kusema ahsante. Nilikuwa naondoka na masufuria nikilia njiani, mbali na jiko. Nilimwona yule bibi akimtazama mumewe anavyotafuna, kila tonge moja linampunguzia siku.

Wiki ya nne nilisahau ungo kwao, nikaurudia. Bi Mpishi alikuwa amelala ndani. Mgeni alikuwa uani na bakuli lake, mgongo kwangu. Alifungua fundo kwenye pindo la shuka yake, akachota kitu kwa vidole viwili, akakinyunyiza kwenye kisamvu changu, akakoroga kwa kidole, akala kwa raha zake.

"Baba," nikasema. "Hiyo nini?"

Hakushtuka. "Chumvi, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Ya kwanza nilidhani amesahau."

Nikakaa chini. "Unajua kwa nini anakupikia hivi?"

"Mimi ndiye niliyezaliwa kule," akasema taratibu. "Habari ya mavuno kwa mavuno tunaijua tangu watoto. Aliyeificha aliificha kwa mtu anayeijua."

Nilipandwa na hasira. Nilikuwa mbele ya mzee, na kwetu mzee hakemewi, lakini nilimkemea. Nilimwambia yule mama hajalia tangu ujana wake, ameacha muhogo wake uliwe miaka arobaini, amejinyima hata chumvi ya mwisho ya maisha yake, na yeye ana fundo kwenye shuka. Nilimwambia amwambie leo, la sivyo nitamwambia mimi.

Alinisikiliza. "Nilidhani anajua," akasema. "Niliona anapika vizuri, nikadhani ni furaha." Akafunga fundo lake. "Nikimwambia hapa ndani atasema namhurumia. Nipe mpaka mavuno. Nitasema mbele ya ndugu zangu, wao hawamhurumii."

Nikampa mpaka mavuno. Wiki mbili nilizobeba siri za watu wawili, za nyumba moja, sitaki kuzirudia.

Siku yenyewe tulipika chini ya banda la jumbe. Bi Mpishi alibebwa kwenye kitanda cha kamba, akawekwa karibu na mafiga yangu aweze kunigombeza. Wali wa wenzetu ulikuwa umeiva, nimeondoa kawa ili nipakue. Jua liliposimama utosini wenzetu wakavuka kijito, wakakaa kwenye majani. Mbele yao alikaa mwanamke mzee mwenye kichwa cheupe, na Bi Mpishi alipomwona alimtambua. Alikuwa miongoni mwa wale waliosimama ng'ambo siku ile.

Bi Mpishi akamwita mumewe.

"Mwaka umetimia," akamwambia. "Hujaonja chumvi, ingawa hukujua. Njia yako iko wazi. Nilikufunga mara ya kwanza kwa chumvi, na siku zote baada ya hapo kwa kunyamaza. Nenda na ndugu zako. Usinisamehe hapa mbele za watu, utanitia aibu. Nenda tu."

Mgeni akachuchumaa mbele ya kitanda chake. Akafungua lile fundo. Akalamba chumvi, yote, mbele yake na mbele yao, kisha akamwonyesha pindo tupu.

"Bi Mpishi," akasema, "aliyezaliwa na chumvi haisikii. Lakini mimi siku ile nilikuwa sijapata kuionja. Ilinichoma ulimi kama kaa la moto, kwenye tonge la kwanza. Ningetaka ningetema."

Bi Mpishi alimtazama.

"Hukutema," akasema.

"Sikutema. Nilimaliza bakuli."

Halafu ikamtoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya msichana aliyechokozwa. "Na muhogo wangu? Miaka arobaini nguruwe wanakula muhogo wangu!"

"Hizo ni hasira za dada yangu," akasema Mgeni, akimwelekezea kidole yule mzee mwenye kichwa cheupe. "Hakupenda nioe mbali."

Yule dada akatazama pembeni. Watu wakacheka, jumbe akacheka, hata mimi. Bi Mpishi naye akaanza kucheka, akainama mbele kwa kucheka, mikono yake iliyopinda imeshika ukingo wa kitanda, na uso wake ukawa juu ya chungu changu. Ndipo nikaona hacheki. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, mengi, ya miaka yote, yakidondoka ndani ya wali moja moja. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Mgeni alinyoosha kidole, akalifuta chozi moja, akakitazama kile kidole kama kawaida yake.

Bi Mpishi akajifuta kwa kanga. Akatazama chungu, kisha akanitazama mimi.

"Mwaga hicho," akasema. "Upike kingine. Watangoja."

Nilikibeba mpaka nyuma ya banda, nikamwaga, nikachimba, nikafukia. Kisha nikaenda kunawa mpaka viwikoni.